Mashine Iliyozimika Nikikaribia

Mwanangu Zuberi,

Assalaam aleikum. Sisi hapa Mtawanya wazima, tunakula, tunalala, mvua imetufikia na mihogo imeshika. Goti langu la kushoto tu ndilo linanisumbua, lakini hilo unalijua tangu hujaota ndevu. Wewe huko Kigoma hujambo? Kambini hapo kazini kwenu mnapewa samaki, au ni maharage kutwa? Ile picha uliyotuma shingo imebaki mifupa. Kula, baba.

Kabla sijaenda mbali, nakuomba kitu. Lile ulilosema kwenye simu, kwamba unaandika talaka Celia arudi kwao Kitaya, usilifanye mpaka usomewe barua hii yote. Au uisome mwenyewe, wewe si umesoma. Kwenye simu niliongea kwa hasira, halafu ikakatika.

Unaikumbuka ile kompyuta uliyomnunulia mkeo. Ameiweka chumba cha nyuma, mezani, mgongo wake umeelekea dirisha la uani. Watu wanamletea kazi: mitihani ya shule, kadi za harusi, barua za vijana wanaotafuta kazi kwenye gesi kule Madimba. Basi ikaanza kuzimika. Haisemi kitu, kioo kinakuwa cheusi, na yote aliyokuwa anaandika yamepotea. Nikadhani umeme. Lakini taa inawaka, na redio yangu inaimba. Nikamuuliza Celia, mbona umeme unakuchagua wewe? Akasema, Mama, hata mimi sijui.

Moyo ukaanza kuniuma pale nilipoona haizimiki ovyo. Inazimika mimi nikiwepo. Nilipokwenda Madimba kwenye msiba wa shangazi yako Saida, yule wa vitumbua, Mungu amrehemu, aliniachia kanga na sasa binti zake wanasema nimeiba, lakini hayo tuyaache, niliporudi Celia akaniambia siku zote zile mashine haikuzimika hata mara moja. Akaniambia huku ananitazama usoni. Mimi nikasikia lingine: Mama akiwa hayupo nafanya yangu, akitokea nazima asione.

Utaniuliza mama asione nini, na kusoma hajui? Picha, mwanangu. Picha haitaki shule.

Mama Jafari wa jirani naye akaongeza maneno. Tuko bombani, akaniambia mkwe anayezima mashine wewe ukikohoa tu, huyo ana mtu, tena mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji huko. Na kweli kila jioni Celia anaongea Kireno kwenye simu. Anasema ni kaka yake Elton anayeishi huko ng'ambo. Mimi Kireno nitakijulia wapi? Huyo Elton anaweza kuwa kaka, anaweza kuwa yeyote.

Nikaamua kumchunga. Tangu mvua zianze nilikuwa nachomea korosho uani chini ya upenu, maana kule nyuma ya choo kunalowa. Nikayasogeza mafiga mpaka chini ya lile dirisha, nikiinua shingo nimwone uso na mikono yake. Nikawa nachoma hata korosho ambazo hakuna wa kuzila. Nachoma, nachungulia. Celia akawa anakuja kufunga dirisha, eti moshi unamwasha macho. Nikasema ehee, sasa ananifungia! Akigeuka nalisukuma na kijiti. Na mashine ndiyo ikazidi. Nikiwasha moto tu, haikawii, imezimika, na yeye anashika kichwa analia. Nikasema, mwigizaji huyu.

Akaipeleka mjini kwa fundi Gideoni. Gideoni akabadilisha waya, akaua virusi, akaiwekea Windows mpya. Pale kwake ikafanya kazi kutwa nzima. Imerudi nyumbani, jioni hiyohiyo imezimika. Gideoni akasema mashine haina ugonjwa, tatizo liko kwenu. Celia akanitazama, na mimi nikamtazama. Ndipo nilipokupigia simu nikasema yale niliyosema.

Sasa sikia. Celia akamwita Gideoni aje akae nayo hapahapa nyumbani. Yeye mkeo akatoka nje, akakaa kwenye mkeka pembeni yangu, akaanza kunibangulia korosho. Mikono yake naiona. Moto unawaka. Mara Gideoni anapiga kelele ndani, imekufa! Nikaitazama ile mikono ya Celia, imejaa masizi ya korosho zangu.

Gideoni akaifungua. Ndani nyeusi kama tako la chungu, inanata. Akanusa kidole, akatoka, akanitazama mimi na mafiga yangu, akasema, Bibi, hii mashine unaichoma pamoja na korosho. Kumbe moshi wa maganda una mafuta, umeingia dirishani ukaigandisha feni, na joto la moto lipo hapohapo mgongoni. Inajizima isiungue. Kwake haikuzimika kwa sababu hakuna moto, na panga boi linazunguka juu yake. Kadiri nilivyomchunguza mkeo ndivyo nilivyokuwa naiua mwenyewe.

Celia hakucheka. Akasema, Mama, mimi nilidhani unachomoa waya ili nikose kazi nirudi kwetu. Kumbe naye alikuwa ananichunga.

Mafiga nimeyarudisha nyuma ya choo, na yalowe. Mama Jafari nimemwambia korosho zangu asizionje tena.

Na la mwisho. Barua hii anayeandika ni Celia, kwenye mashine yenyewe, Gideoni ameshaisafisha. Tangu mwanzo ni yeye. Nilipofika pale pa talaka aliacha kuandika, akainama, nikamwambia andika. Habari ya talaka hakuwa anaijua. Mimi ni mama mkwe, maneno ya kumwomba mkwe radhi ana kwa ana yananishinda, yeye amekaa pale mimi nimekaa hapa. Nikaona nikuambie wewe, na yeye asikie. Zuberi, mke wako hana kosa. Mimi ndiye nimemkosea. Nilikuambia uongo nikidhani ni kweli. Mpigie simu leo, uanze na yeye, mimi baadaye.

Wasalimie wenzako wa kambini, hasa yule kijana wa Newala aliyekupa shuka. Mungu akulinde na hiyo mitambo yenu mikubwa.

Ni mimi mama yako,
Somoe, dole gumba langu hilo hapo chini.

Mume wangu, Mama amesema nisipunguze neno. Sijapunguza.
Celia