Mkoba Wako Haukuwa na Bastola

Mama Shiro,

Nimekasirika, na wewe ndiye pekee ninayeweza kumwambia hivyo bila kujibiwa kwamba niombe.

Tangu tukuzike, wanaume wa kanisani wamegeuka mafundi wa bastola. Hata Baba Tito, yule aliyekimbizwa na bata bukini kule bwawani Bowie akaacha kiatu, nasi tukacheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi. Sasa ananifuata baada ya ibada, sahani ya pilau mkononi, kunieleza ipi inafaa mkono wa mwanamke. "Chukua ndogo, Mama Kevo. Inakaa kwenye mkoba, hakuna atakayejua."

Nikaenda duka la bastola. Usinitolee macho. Kila nikimaliza shifti ya kutunza wazee pale Landover, napita ulipoangukia. Wameweka taa mpya, kali, ya kuumiza macho. Ulipokuwa hai tuliomba taa hiyo tukaambiwa tusubiri. Nikifika hapo naanza kukimbia.

Duka liko karibu na kwangu Woodbridge, upande wa Virginia. Nilikuwa nimeshajisomea, unanijua, mimi hata bima ya gari niliisoma mpaka mwisho. Nilijua kwamba ruhusa ya Virginia ya kubeba bastola, nikivuka daraja kuja kazini Maryland, inageuka karatasi ya kufungia mandazi. Yaani ningekuwa salama mpaka katikati ya mto. Lakini hasira haisomi sheria.

Muuzaji alikuwa bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, rika la wagonjwa wetu. Nilitaka kumshika kiwiko nimkalishe. Akanipa bastola ndogo kuliko zote, ya zambarau, kwa sababu inaonekana kifo cha wanawake kina rangi yake. Nilishindwa hata kuikoki. Springi ngumu, na vidole vyangu unavijua, vimekwisha kwa kuinua watu. Akaniambia ukweli: ndogo ni rahisi kuficha, ngumu kupiga, inaruka mkononi kuliko kubwa. Kisha akauliza, "Utaibeba wapi?"

Nikamsogezea mkoba. Akahakikisha bastola ni tupu, akaitia ndani, akanitaka niitoe haraka. Ilitoka na karatasi ya peremende imenasa mdomoni.

Hakucheka. Aliuliza ni nani mwingine hutia mkono humu. Nikaanza kumtajia. Watoto wa kanisa zima. Mgonjwa wangu mzee, anayetafuta miwani yake kwenye kila mfuko anaouona. Na Shiro wako. Nilipomtaja Shiro nilimkumbuka yule mtu aliyekupiga risasi, alivyosimama mahakamani.

Sikukuambia hilo. Alisema aliogopa. Yeye. Amesimama mlangoni mwa gari lako na bastola mkononi, na mwenye kuogopa ni yeye. Eti ulipotia mkono mkobani alidhani unatoa bastola. Alikuwa ndiyo kwanza amekuamuru umpe funguo. Alitaka uzitoe wapi, sikioni? Wakili wake akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia neno la hekima. Na polisi walipomwaga ule mkoba walikuta funguo, mafuta ya kujipaka na peremende za mtoto. Basi.

Nikairudisha bastola kwenye kaunta ya kioo. Bibi akadhani ni bei. Mama Shiro, nikiweka kitu kile mkobani, yule mtu atakuwa hakusema uongo. Atakuwa amekosea mwanamke tu.

Baba Tito amenuna. Anasema nitakufa kijinga. Labda. Siku hizi tunatoka kazini wanne kwa pamoja, tunaongea kwa sauti kama watu wa sokoni, mpaka kila mmoja awashe gari lake. Si ngao, najua. Naogopa bado.

Jumapili Shiro alikaa kando yangu. Mahubiri yalipoanza kurefuka akatia mkono mkobani mwangu bila kuuliza, macho kwa mchungaji, kama alivyokuwa akikufanyia. Niliushikilia mkoba wazi.

Utabaki wazi. Atakapokuwa msichana mkubwa wa kuona haya, bado atakuta peremende humu, na hatakuta kingine.

Lala, mwenzangu. Mimi sijapoa, na usinisihi nipoe.

Mama Kevo