Kikoma cha Ong'ayo

Hemed, nimeaibika leo Kenyatta Market. Wacha nikuambie kabla sijajifanya nimesahau.

Unajua ile tovuti niliyomtengenezea Mercyline wa saluni. Mteja anaandika jina, msimbo wangu wa PHP unaipa kompyuta amri, printa inatoa tikiti ya foleni. Sasa wiki nzima inakufa tu. Wiki nzima namwambia ni stima. Nikijaribu na jina langu, Were, inatoa bila shida.

Leo amenipa mpaka saa sita. Nikishindwa, anarudi kwa daftari na mimi nirudi barabarani kutafuta kazi.

Akaingia mama mmoja, mwalimu wa shule ya Jamhuri. Akaandika jina. Ukurasa mweupe.

"Unaitwa nani, mwalimu?"

"Ong'ayo."

Akaandika tena. Mweupe tena.

Mercyline akauliza, "Were, kwani hii stima inachagua watu?" Saluni nzima ikacheka.

Mwalimu akasema, "Toa hicho kikoma cha juu uone." Nikatoa. Tikiti hiyo.

Kikoma, Hemed. Kikoma. Amri yangu inafungia jina ndani ya vikoma kama hicho, kwa hivyo kompyuta inadhani jina limeishia kwa Ong, kinachofuata haikielewi, amri inakufa. Na mimi jina langu halina hata kimoja.

Nikaongeza escapeshellarg, neno moja tu la kuambia kompyuta kikoma ni sehemu ya jina, mwalimu akaandika upya. Ikatoka Ong'ayo, kamili.

Mercyline akanyoosha mkono apewe tikiti aipange kwa foleni. Mwalimu akaitia kwa mkoba. "Hii naenda nayo. Hata kwa kadi ya harusi yangu walikosea hili jina."

Mercyline akaniangalia. "Sasa unangoja nini, Were? Mtolee ingine."