Dodoso Alilotusomea Msimamizi

Mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Babu yako hajambo, bado anakoroma kama mashine ya kusaga. Anayeniandikia ni jirani yetu fundi cherehani, nami nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Lile dodoso la uchovu wa kazini mlilotafsiri kwa lugha yetu limefika hapa hospitali, kwenye chumba chetu cha kufulia. Lugha imenyooka, hongera. Lakini sisi wafuaji hatujui kusoma, basi aliyetusomea ni msimamizi mwenyewe! "Je, msimamizi wako anakusikiliza?" anauliza, kalamu mkononi. Wenzangu wakajibu, "Sana, bosi." Hata yule aliyezimia juzi kwa mvuke akasema yeye hachoki.

Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Baba, paka hawaulizi panya habari za paka. Andika hivyo hivyo." Akanisimamisha kazi siku ile ile, na kesho naitwa ofisini kujieleza. Nitakwenda, na nitasema yale yale.

Wewe yachane majibu yote hayo, ni uongo mtupu, kisha uje utusomee mwenyewe. Wakubwa zako wakisema muda umekwisha, waambie bibi yako amekataa.

Dole gumba hilo hapo chini ni langu. Waonyeshe.

Bibi yako