Pembe za Kitani

Zona 1, Quetzaltenango,
Guatemala.
6 Septemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Noemí,

Shalom, na salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Vipi hali yako? Lile goti limetulia, au bado unalipaka dawa asubuhi na jioni unapanda ngazi za Haifa kama msichana? Na moyo wa mumeo Gadi unaendeleaje? Mwambie namuulizia yeye kwanza kabla ya wajukuu, maana wao wanaulizwa na kila mtu.

Mimi ni mzima. Mgongo unauma mvua ikinyesha, na mwezi huu mvua inanyesha kila alasiri, basi jumlisha mwenyewe. Nakula, nalala, naongea na redio. Redio nayo naona imeanza kunichoka.

Barua yako ya Julai niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kuandika ambalo lisingekuliza, nami nakujua: ukilia unapiga simu, na ukipiga simu tunalia wote wawili kwa gharama yako. Lakini mwezi wetu wa kuombana msamaha umeshaingia, Mwaka Mpya wetu uko mlangoni, na mimi nilikuwa na kosa moja la kuombea msamaha. Nilimfukuza Tomasa.

Tomasa Pelicó nimekutajia mara nyingi. Ni mke wa Anselmo, yule mfumaji wa blanketi za sufu kule Momostenango. Kila Ijumaa akimaliza sokoni hupitia kwangu kabla sijawasha mishumaa ya Sabato. Ananiletea mayai, tunakunywa kahawa, ananitania kwamba nina vyungu seti mbili na tumbo moja, halafu anaondoka. Tangu mume wangu Julius afariki miaka minne iliyopita, na tangu familia ya mwisho ya watu wetu ihamie mji mkuu, huyo ndiye mtu pekee anayegonga mlango huu bila kuja kusoma mita ya umeme. Sikuwahi kukuandikia hivyo waziwazi. Leo nimeandika.

Kisa chenyewe kilianza Aprili. Wanawake wa sinagogi moja la Montevideo waliniandikia wakitaka shali kumi na mbili za sala, za sufu, kwa ajili ya watoto wao watakaosimama kusoma Torati kwa mara ya kwanza. Za kiwandani hawakuzitaka. Walitaka biashara ya haki: wajue jina la aliyefuma, alipwe bei inayolisha nyumba yake, na asiwepo dalali wa kula katikati. Mtoto asiitwe kwenye Torati, waliandika, akiwa amejifunika jasho la mtu aliyedhulumiwa. Noemí, niliisoma barua ile nimesimama. Nilijiona nina kazi tena duniani.

Nikawaita Anselmo na Tomasa mezani kwangu. Anselmo akataja bei, nami nikakubali hapo hapo, na nusu nikampa kabla hajatega hata uzi mmoja. Alinitazama kwa wasiwasi. ‘Doña Selma, huombi kupunguziwa? Una homa?’ Wiki nzima nilitembea kifua mbele, mwenye haki mimi.

Tulivyogawana kazi ni hivi: Anselmo afume, Tomasa ashone pindo na matundu ya pembe nne, mimi nifunge vishada vya nyuzi kwenye matundu hayo, maana hivyo lazima vifungwe na mmoja wetu mwenye nia ya kutimiza amri ya Torati. Baba angepinga mwanamke kuvifunga. Lakini Baba hayupo, na wanaume wa kuvifunga hawapo pia.

Mwishoni mwa Julai niliketi dirishani na shali ya kwanza. Uzi wa pale kwenye tundu ukanikataa kidoleni, mgumu, una mng'ao. Nikakata kipande nikakiwasha kiberiti. Sufu ikiungua inanuka nywele, wewe na mimi tulifundishwa na Mama. Huu uliungua kama karatasi. Kitani! Sufu na kitani katika vazi moja, kitu ambacho Torati imekataza kabisa, tena si pembe moja wala mbili. Nilizikagua zote arobaini na nane, na zote zilikuwa hivyo hivyo.

Sikukuficha hasira zangu tangu utotoni, basi usishangae. Tomasa aliingia Ijumaa ile na mayai yake, hata hajaketi nikamtupia shali mezani.

‘Nani kakwambia utie uzi huu?’

‘Ni uzi wa fundi viatu,’ akasema, tena anatabasamu. ‘Huo haukatiki hata ukivutwa na nyumbu. Nimeununua mwenyewe.’

‘Nani alikutuma? Si niliwaambia sufu tupu? Umeniharibia kazi yote!’

Tabasamu likamtoka. Akaweka mayai kwenye kiti, akajitanda shali yake. ‘Nilidhani nakusaidia,’ akasema. Nami, kwa kinywa changu hiki, nikamjibu: ‘Nenda na msaada wako, na usirudi.’ Jamani, mtu hana mgeni mwingine duniani, na hayo ndiyo anayomwambia huyo mmoja!

Hakurudi kweli. Ijumaa ya kwanza nilipanga vikombe viwili nikasema atakuja, anavunga tu. Ijumaa ya pili nikapanga viwili. Ya tatu nikapanga kimoja, nikakitazama, nikakirudisha kabatini, sikunywa kahawa kabisa. Jumatatu yake alikuja kijana wa mita nikamkaribisha kikombe kwa nguvu hivi hata akaogopa. Ukiwa ni kitu kibaya, mdogo wangu. Nilifikiri nimeuzoea, kumbe nilikuwa nimezoea kusubiri Ijumaa.

Katika siku hizo nilipata wazo baya, nakuungamia. Vishada vyangu vingefunika ule uzi. Montevideo ni mbali, nani angewasha kiberiti kule? Nikafunga hata pembe mbili, kisha nikazifungua. Kuuza kitu chenye kasoro unayoijua wewe na asiyoijua mnunuzi, hata Baba aliyekuwa anauza vifungo tu dukani hakufanya hivyo.

Nikampigia simu Bluma, katibu wao. Alisikiliza, akasema mkataba ni mkataba, karatasi iliandikwa sufu tupu, basi mfumaji azirudishe kwenye kitanda chake cha kufumia na hasara ni yake. Hapo ndipo nilipozinduka. Nikamwambia, ‘Bluma, karatasi ile niliwasomea mimi, na watu wenyewe sikuwahi kuwaambia mimi ni nani wala sufu tupu ni ya nini.’ Akasema atazungumza na wenzake.

Ndiyo hivyo, Noemí. Mji mzima unaniita Mjerumani, nami naitikia. Unakumbuka Baba alivyotufunza tulipofika hapa: fanyeni kazi, lipeni vizuri, nyamazeni. Miaka tisa Tomasa amekuwa akihesabu vyungu vyangu na sijawahi kumweleza kwamba kwetu nyama na maziwa haviingii chungu kimoja. Kwake sijawahi kufika. Nilikuwa nasingizia miguu, kumbe naogopa kukaribishwa chakula nisichoruhusiwa na kuulizwa kwa nini. Nilidhani haki inaishia kwenye bei.

Basi Jumatano nilikwenda Momostenango. Nilimkuta Tomasa uani anachambua sufu, hakuinua macho.

‘Umefuata ile nusu ya pesa?’

‘Nimekuja kukuomba msamaha.’

‘Wiki tano zimepita, ndiyo umekumbuka leo?’

Nikamwambia kwetu mwaka unaisha, na kosa ulilomfanyia mtu Mungu halisamehe mpaka mtu mwenyewe akusamehe kwanza.

‘Lo,’ akasema, ‘Mungu wenu mjanja. Anakwepa kazi.’ Huko ndani Anselmo alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Nikamweleza yote nimesimama pale pale kwenye matope. Kwamba sisi ni Wayahudi, kwamba tuliingia nchi hii tukikimbia, kwamba sufu na kitani kwetu haviingii nguo moja, na kwamba mwenye kosa si yeye, ni mimi niliyebana maneno. Aliniangalia juu mpaka chini. ‘Wayahudi,’ akasema, ‘na mnakunywa kahawa kama sisi.’ Akanisogezea kigoda.

Ndipo nikamuuliza, kwa upole safari hii, imekuwaje akaenda kununua uzi wa fundi viatu. Akasema siku ya mazishi ya Julius alikuwa amesimama nyuma, karibu na ukuta. Aliona ile shali ya sala aliyoviringishiwa marehemu, akaona pembe moja haina kishada, imekatika.

‘Niliona uchungu kwa niaba yako,’ akasema. ‘Nikasema, maskini Mjerumani wa watu, mumewe anaingia ardhini na nguo iliyochanika, hata hakuna mwanamke wa kumsaidia kushona. Nikasema siku nikizishika nguo zenu, hazitachanika tena.’

Nililia, Noemí. Nililia mpaka kuku wake wakahama uani. Miaka minne nimekaa nikiamini kwamba siku ile hakuna mtu katika mji huu aliyenionea huruma, kumbe alikuwepo mmoja na alikuwa amebeba deni ambalo si lake. Nilipoweza kusema nikamwambia kishada kile hakikuchanika. Wazee wetu walikikata wenyewe, ndiyo desturi, kwa kuwa marehemu hana tena amri ya kutimiza.

‘Mlikata makusudi? Nguo nzima?’

‘Makusudi.’

‘Basi nyinyi hamsaidiki,’ akasema, akacheka huku anajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imejaa sufu. Nikamwambia yai la kuchemsha na kahawa kwenye glasi naweza kula popote. Nilikula mayai matatu.

Juzi Ijumaa alikuja tangu asubuhi, tukaanza kufumua kitani mezani kwangu, yeye pembe hii mimi ile. Kitani kikitoka chote, shali ni halali. Bluma amepiga simu kusema watoto watangoja, na siku za Tomasa za kufumua nazo zitalipwa. Alisema kwa sauti ndogo.

Tutafumua kumi na moja. Ya kumi na mbili Anselmo atawafumia nyingine, na hii yenye kitani nimeinunua mimi. Nakuomba usiilowanishe barua hii kwa machozi, lakini lazima ujue. Aliye hai haruhusiwi kuivaa. Aliyekufa hakatazwi, Baba alitufundisha, sanda haina sharti hilo. Wa kuniosha na kunivika nikifa hapa hakuna tena, na kwa miaka minne jambo hilo limenitisha kuliko kufa kwenyewe. Ijumaa nilimwonyesha Tomasa kabati la chini nilikoiweka, na nikamuuliza kama ataweza kuniosha na kunivika. Hakuacha kufumua. Aliniuliza maji yawe ya moto au ya baridi. Nikamwambia kwa desturi yetu ni ya vuguvugu.

‘Afadhali,’ akasema, ‘maana wewe na baridi hamwelewani.’

Basi simu ya msiba wangu ikija, mdogo wangu, usilie kwamba nilikuwa peke yangu.

Nisalimie Gadi, Tirza na mumewe, na watoto wote bila kumruka mdogo. Na kama kuna lolote nililokukosea mwaka huu, nisamehe, nami nimekusamehe hata zile simu ambazo hukupiga. Mungu awaandikie wote mwaka mwema na mtamu, wenye afya na milango inayogongwa.

Dada yako akupendaye kutoka upande huu wa bahari,
Selma