Mlima Wangu Uko Mangobo

Mangobo, Kisangani
Tarehe 9 Agosti 2025

Mpendwa shangazi Katungu, ndoyi wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimia kwa heshima na kwa hamu nyingi. Unaendeleaje? Magoti yamekuacha upumue kidogo? Na kile kikohozi? Nasikia huko Kasese asubuhi kuna baridi, basi usijifanye msichana, vaa soksi. Sisi huku tuko wazima, joto tu ndilo linalotupika. Benoît, mume wangu, anakusalimia na anauliza kama bado unamwita "yule mwembamba". Mwambie ukweli mtakapoonana, maana sasa shati halifungi.

Hapa Kisangani mtu mwenye jina kama lako anaitwa ndoyi, na mtu hamdanganyi ndoyi wake. Nimeanza na neno hilo kwa sababu nina jambo la kukuambia, na nataka uniamini.

Mwanao Jérémie alinipigia simu jana. Anasema umefunga mizigo, umewagawia majirani kuku wako, unataka kupanda gari la Butembo kisha uendelee mpaka kwetu Lubero, kwa kuwa eti mimi nimerudi mlimani na kufungua tena nyumba yetu ya wageni. Alipokukataza ulimwambia anakufunga kamba kama mbuzi, na kwamba hutaamini maneno ya simu mpaka uone mwandiko wa Katungu. Haya, mwandiko ndio huu. Unaujua vizuri. Ni wewe uliyenifundisha kwa chaki kwenye ubao wa vyakula, ukinigonga vidole kila nilipoandika "broshete", mishikaki yetu ile, kwa namna yangu.

Shangazi, usiondoke. Sijarudi mlimani. Niko hapa Mangobo, nyuma ya soko, na jasho linadondoka kwenye karatasi hii.

Acha nikueleze kosa lilikotoka. Nilipofungua mahali pangu pa kula na kunywa, Benoît aliniuliza tuandike jina gani mlangoni. Sikufikiri hata kidogo, nikaandika "Mlimani". Watu walicheka wakashika mbavu. Mji huu ni tambarare kama meza; ukitaka kupanda juu, panda kiti. Vijana wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wakiniletea wateja hufunga breki kwa nguvu mlangoni na kupiga kelele: "Mama Katungu, mulima yako iko mukali, frein inaisha!"

Basi jina likashika. Siku hizi mtaa mzima, mtu akienda kunywa chupa yake baada ya kazi, anasema anapanda mlimani. Wanawake wanaotafuta waume zao wanaulizana nani ameshashuka. Hata padri alisema kanisani kwamba kuna Wakristo wanaopanda mlimani kila siku na hakuna anayeshuka na amri za Mungu. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Siku ile ulipopiga, simu niliisahau nyumbani, akaipokea wifi yangu Viviane, mtu wa Isangi, ambaye tangu azaliwe hajaona mlima. Alikuambia kweli tupu: "Tantine, Katungu iko mulimani. Batu banakula, banakunywa, meza zote zimejaa." Kwa Kiswahili cha Mangobo hakukosea hata herufi. Anasema ulilia, ukamshukuru Mungu, na simu ikakatika. Alidhani tantine, yaani shangazi, anapenda biashara sana. Alipojua ulisikia nini, naye alikaa chini akalia.

Sasa nikuambie habari za kule, ingawa ningependa mtu mwingine akuambie. Ignace, anayekuletea barua hii, ndiye anayenichukulia viazi Butembo. Mwezi uliopita alipita barabara ya bondeni, chini ya nyumba yetu, na nilikuwa nimemwomba atazame juu. Kuta zipo. Mabati yameondolewa, baraza haipo, nyasi zimefika madirishani. Watu wa bunduki bado wanazunguka kwenye vilima vile, kwa hiyo hakusimama. Hakuna meza, shangazi. Hakuna anayekula pale. Pole, ndoyi wangu, pole sana.

Usifikiri nakucheka kwa kuamini. Jérémie aliposema, "Mama anasema mlimani kumefunguliwa," moyo wangu uliruka. Nilisahau kwamba mlima huo nimeuanzisha mimi mwenyewe kwa kopo la rangi. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimwulize ni nani aliyefungua. Ndivyo ninavyotamani nyumbani, mpaka kibao cha mlangoni kwangu kinanidanganya mwenyewe.

Mwezi huu wa nane ndio unaonitesa kuliko yote. Nakumbuka wageni walivyokuwa wakipanda kutoka Butembo, na wengine Goma, kuja kukaa barazani kwetu wakati mvua imekwenda. Mchana jua zuri, jioni ukungu unatambaa kutoka bondeni, nawe unapita meza kwa meza ukiwafunika magoti kwa mablanketi mekundu. Sungura na viazi, supu ya liki, juisi ya matunda ya marakuja, na pombe ya kasiksi kwa waliojua ndizi ina siri gani. Wakisimama na sahani mkononi kutazama mandhari, ulikuwa ukiwafokea: "Kuleni kwanza! Mlima hautakimbia."

Haukukimbia kweli. Ni sisi tuliokimbia.

Hapa nami najitahidi. Viviane anapika liboke, samaki wa kufungwa kwenye majani, na kuponda lituma, ile ndizi ya watu wa hapa, na wateja wanajilamba vidole. Lakini Jumamosi ni siku yangu. Napika sungura na viazi vya Ignace, nawaambia hicho ndicho chakula cha mlimani, wanasifu, wanaomba kuongezwa. Mimi naonja nakasirika. Mchuzi unakosa kitu. Nimejaribu kila jani sokoni, na bado si ule wako. Sikuulizi kwa barua ulikuwa unatia nini, maana najua utajibu kwamba mkono hauandikwi.

Blanketi moja jekundu ninalo, lile ulilonifunga begani siku tulipoachana njia panda, wewe ukaelekea mpakani na mimi huku. Nimeliweka kwenye kiti cha pembeni, chini ya feni. Watu hushangaa: "Mama, blanketi ya nini na joto hii yote?" Nawajibu ni ya mwenye mlima. Mwanzoni walinitania. Sasa hata wakijaa mpaka wengine wanakunywa wamesimama, hakuna anayekikalia kiti kile. Juzi mlevi mmoja alitaka kukivuta, wenzake wakamkemea kabla yangu.

Kwa hiyo mizigo yako usiifungue. Igeuze njia tu. Ignace akimaliza shughuli zake huko Uganda atapita tena Kasese, atakushika mkono mpaka Beni, na kutoka pale utapanda ndege mpaka huku. Benoît amekubali kabla sijamaliza kusema. Chumba kipo, kina dirisha upande wa mto, na upepo kidogo ukibahatika. Siwezi kukuahidi baridi. Siwezi kukuahidi ukungu. Utalalamika joto, utamgombeza Viviane kwa mafuta mengi, utasema ndizi zilizopondwa si chakula cha mtu mzima. Njoo ulalamike karibu nami.

Na kama utaona huwezi, nitaelewa, lakini niahidi jambo moja: Lubero usipande. Nimekwisha kumkosa baba, kaka yako, na nyumba. Wewe siwezi kukukosa kwa sababu ya jina nililoandika mlangoni.

Nisalimie sana Jérémie, mwambie alifanya vizuri kunipigia na asinune ukimwita kamba ya mbuzi. Nisalimie mkewe Naomie, na wajukuu wote wanaokuzunguka. Binti yangu Benie anakusalimia. Amejifunza kuandika "broshete", sawasawa kabisa, na vidole vyake vyote ni vizima. Mama Bikira akufunike pale ambapo blanketi halifiki.

Wateja wapya bado wananiuliza mlima uko wapi. Mpaka leo nacheka tu, kwa kuwa sina cha kuwaonyesha. Njoo, shangazi. Nataka siku moja mtu aniulize, nami ninyooshe kidole kwenye kiti cha pembeni, nimwambie: ule pale, unamenya viazi.

Ndoyi wako anayekupenda na kukungoja,

Katungu