Ukweli kwa Mguu Sawa, Hadithi kwa Mguu Pande

Jumapili, Kisugu. Mvua ilianza kabla sijafumbua macho, na sasa jioni bado inanyunya. Nguo nilizofua jana zimetandazwa ndani juu ya kila kiti, na Baba amekaa katikati yake na kikombe cha chai, shati langu likimning'inia begani kana kwamba ni cheo alichopewa. Moyo wangu ni mwepesi. Asubuhi nisingeamini.

Shajara yangu, nina habari. Baba anaondoka Alhamisi.

Baba ni polisi mstaafu, Mwacholi wa upande wa Gulu. Alikuja kukaa kwangu mapema mwaka huu mguu ulipoanza kumsumbua, ili daktari wa hapa Kampala amwangalie. Mama akabaki kijijini na shamba lake la ufuta. Sasa mguu umepona, ufuta umekaribia kuvunwa, na wiki iliyopita Baba aliniambia anataka kurudi kwake. Akaniuliza nasemaje.

Nikasema tungoje mvua ipungue. Alipouliza tena, nikasema tungoje daktari amwone mara moja nyingine. Nikaishiwa na daktari, nikaanza kuisingizia barabara.

Sababu yenyewe naijua vizuri. Kabla hajaja, kitabu changu cha hadithi za watoto kilikuwa kimekwama mahali pamoja, kama mkokoteni kwenye tope la soko la Kalerwe. Tangu alipofika, kila jioni namsomea nilichoandika siku hiyo. Anafumba macho, anasikiliza, na pale palipo pabaya anakohoa. Hasemi kitu, anakohoa tu. Nami kesho yake narudi pale pale kwenye kikohozi na kurekebisha. Sijawahi kuandika vizuri hivi maishani mwangu, na niliogopa kwamba akipanda basi, kitabu nacho kitapanda.

Naogopa hata sasa, lakini si kama jana.

Jana nilimsimulia haya Mama Njeri, jirani yangu Mkenya mwenye saluni, huku akinisuka. Akanisikiliza mpaka mwisho wa mstari wa nywele, akanivuta kichwa akasema, "Dada Akello, hebu niambie. Huyo mzee ni baba yako ama ni mahabusu wako?" Wateja wakacheka. Mimi nilicheka pia, ila neno lile nililibeba mpaka nyumbani na sikulala vizuri.

Tulikulia katika kambi ya polisi hapa hapa mjini, ndani ya nyumba ya bati ya mviringo ambayo kila mtu aliiita unipoti. Ilikuwa chumba kimoja. Pazia la kitenge lilikikata katikati: upande huu kitanda cha wazazi, upande ule mikeka yetu, masufuria na sanduku la sare. Kaka zangu Opiyo na Ocen ni mapacha, mimi nikawafuata, na ndiyo maana naitwa Akello, jina la mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Jirani wa kushoto alikuwa Mlugbara, wa kulia Mteso, kwa hiyo watoto wote tulicheza, tulitukanana na kupatana kwa Kiswahili cha kambini. Kampala kuna watu ambao hadi leo wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari mlangoni akiwatisha kwa lugha hiyo. Mimi nikikisikia nakumbuka kuulizwa siku yangu ilikuwaje.

Michezo tulikuwa nayo tele. Tulicheza kwepena kati ya unipoti na unipoti, mpira wa soksi ukikupata umetoka, na bati za majirani zikipigwa zinalia mpaka mama wenye nyumba wanatoka na miiko. Nilitengeneza wanasesere wa maganda ya mgomba, nywele zao ndevu za mahindi. Nilichora kwa mkaa kwenye ukuta wa ndani, watu na nyumba na ng'ombe, lakini asubuhi bati hutoka jasho, na watu wangu wote walikuwa wameteremka sakafuni wakiwa maji meusi. Sikuhuzunika sana. Ukuta ulikuwa safi tena.

Nilichokipenda kuliko vyote ni gazeti lililofungia mandazi. Mama akileta mandazi, kaka zangu waligombania mandazi, mimi nikagombania karatasi. Habari daima ilikuwa imechanwa katikati: mtu ameibiwa baiskeli, amemkimbilia mwizi, amefika darajani, basi. Mwisho ulikuwa kwenye mandazi ya mtu mwingine. Ikabidi niumalizie mwenyewe.

Jioni Baba alipotoka zamu, kabla hajavua buti, alitupanga mbele ya mlango kana kwamba tuko gwarideni.

"Mguu sawa!"

Visigino vinakutana, mikono ubavuni.

"Ripoti!"

Kila mmoja aliieleza siku yake: nini kimetokea, wapi, nani alikuwepo. Neno "labda" lilikuwa haramu. Na kila ulipofika mahali patamu, Baba aliuliza lile swali lake, kwa Kiswahili chake ambacho hakijawahi kupita shuleni: "Wewe naona na macho yako, ama watu naambia wewe?" Ukisema uliambiwa, alitaka jina la aliyekuambia. Ocen mara nyingi alianza kulia kabla zamu yake haijafika.

Siku moja niliripoti kwamba mbuzi ameingia ofisini kwa mkuu wa kambi na kula kofia yake. Opiyo akapiga kelele, "Anadanganya!" Na kweli, hapakuwa na mbuzi. Nilikuwa nimeanza tu na kipande cha gazeti kuhusu ofisi fulani, na mbuzi akaja mwenyewe. Nilisubiri fimbo. Baba alinitazama kwa muda mrefu, huku kidevu chake kikitetemeka, na leo najua alikuwa anazuia kicheko.

"Mguu pande," akasema.

Nikapanua miguu, mikono nyuma, kama askari aliyeruhusiwa kupumua.

"Sasa maliza hii maneno ya mbuzi."

Nikamaliza. Na kutoka nyuma ya pazia, alikokuwa akidarizi vitambaa vyake vya meza, Mama akauliza, "Hiyo kofia ilikuwa rangi gani?"

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba yetu. Ripoti ilitolewa kwa mguu sawa, na humo usiongeze hata punje. Ukishamaliza ripoti, kama una la kubuni, unaomba mguu pande. Hapo hata mbuzi akiruka angani, Baba hakuuliza umeona au umesikia. Ni Mama aliyeuliza, na yeye daima alitaka rangi.

Watu huniuliza nilisomea wapi uandishi. Huwa natafuta jibu la kuwaridhisha, kumbe jibu ni mlango wa bati. Baba alinifundisha nisichanganye nilichokiona na nilichokisikia. Mama alinifundisha kwamba kofia isiyo na rangi hakuna anayeiamini. Mshahara wa polisi ulikuwa haba na chumba kilikuwa kimoja, lakini kila jioni ya utoto wangu watu wazima wawili walikuwa wananisikiliza mimi. Nashukuru. Nashukuru mpaka nakosa pa kuiweka shukrani yenyewe.

Sasa leo.

Baada ya kifungua kinywa nilikuwa naosha vyombo. Baba alikuwa amesimama barazani akiangalia mvua, bila ile fimbo ya kutembelea aliyokuja nayo. Ghafla nikasikia sauti ya amri ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana.

"Akello! Mguu sawa!"

Mimi ni mama mzima, nina mvi za kuficha na miadi ya saluni. Lakini miguu haina akili. Nilijikuta mbele yake, visigino pamoja, mikono ikidondosha povu ubavuni.

"Ripoti."

"Mguu wa Baba umepona. Daktari alisema, nilikuwepo, nilimsikia mwenyewe. Barabara ya Gulu inapitika. Ufuta uko tayari, Mama alisema kwenye simu."

"Bado," akasema. "Ripoti hapana kwisha."

"Naogopa ukienda hakutakuwa na mtu wa kukohoa. Naogopa sitaandika tena."

"Hiyo wewe naona na macho, ama watu naambia wewe?"

Nikafikiria kweli. Sikuwa nimeiona, na hakuna mtu aliyeniambia. Hofu yangu yote haikuwa na shahidi hata mmoja.

"Sikuona," nikasema. "Wala hakuna aliyeniambia."

"Basi hiyo hapana ripoti," akasema Baba, taratibu kuliko nilivyozoea. "Na simu iko. Wewe nasoma, mimi nakohoa kwa simu." Akanitazama machozi yakinitoka, akageuza uso kuangalia mvua ili nipate nafasi. "Mguu pande."

Nikapanua miguu. Kwa kuwa ilikuwa mguu pande, nikamsimulia safari yake. Basi linafika jua likiwa linazama. Mama yuko uani anapepeta ufuta, amemwona tangu barabarani, lakini anajifanya hajaona. Anasema, "Umechelewa, chakula kimepoa," na chungu ukikigusa kinakuunguza. Mezani ametandika kitambaa kipya alichodarizi kipindi chote hiki akiwa peke yake.

"Rangi gani?" Baba akauliza.

Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akiuliza rangi. Hilo lilikuwa swali la Mama. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyomkumbuka mkewe, na mimi huku namshikilia kwa visingizio vya mvua na barabara.

"Manjano," nikasema. "Lakini uzi wa manjano uliisha, kwa hiyo ua moja la pembeni ni la zambarau."

Akacheka hadi akashika nguzo ya baraza.

"Na wewe?" akaniuliza. "Hapa kwa hadithi yako, wewe hapana iko. Wewe nakuja siku gani?"

Nimeandika habari za kambi ile kwa miaka, na kijijini kwao sijafika tangu sijui lini. Daima kuna kazi. Nikasema, "Krismasi, Baba. Nitakuja Krismasi, na kitabu kikiwa kimekwisha."

Akanitazama kwa jicho lile la kipolisi.

"Hiyo ni ya mguu pande, ama ni ya mguu sawa?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la baraza. Nikajipangusa mikono kwenye gauni, nikakutanisha visigino, nikairudia ahadi.