Supamaketi ya Bibi

Wanangu, msiziondoe risiti hizi mezani. Bado nalinganisha bei za supamaketi zetu tatu. ~~Kuanzia leo tutanunua kila kitu kwenye ile mpya.~~ Mchele na mafuta nunueni kwenye ile mpya, ni nafuu kweli. Bibi mpelekeni kwenye ile ya zamani akanunue sabuni zake. Msimharakishe, hata akichagua foleni ndefu ya keshia wake.

Asubuhi nilimwambia anatupa pesa kule. Akanijibu, "Mwanangu, nilipoanguka pale mlangoni, punguzo la bei halikuniinua. Yule binti aliiacha foleni yake akaja kunishika mkono." Kisha akaiacha chai, akaingia chumbani.

Mpashieni chai moto. Samahani nitamwomba mwenyewe jioni. Hesabu tutaiendeleza kesho, naye akiwepo.

Baba